Mkopo Uliofika Mvua Zimeshapita

Shemeji yangu alifurahi sana Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipotangaza, Julai 2025, kwamba haitaangalia tena rangi wala jinsia katika kuamua nani asaidiwe. "Sasa wote sawa," alisema mezani, na wengi wakamwitikia. Mimi niliudhika, na hasira haijanitoka.

Usawa gani huo? Sisi watoto wa wakulima tunajua hasara ya mkopo wa pembejeo kuchelewa. Mvua haimngoji karani. Basi wakulima weusi wa Alabama, Mississippi na Georgia walifanyiwa hivyo miaka nenda rudi. Fomu inafika ofisi ya wizara katika kaunti, inapitiwa na kamati iliyojaa wazungu wa hapo hapo. Mzungu anapata fedha mapema, anapanda. Mweusi anapata zake magugu yameshaota shambani, au hapati kabisa. Deni linamshinda, shamba linapigwa mnada. Mwaka 1920 wakulima weusi walizidi 900,000. Leo hawafiki 50,000. Wapo waliohamia mijini kufuata kazi za viwandani, na wapo waliokimbia kuokoa roho zao, lakini ardhi nyingi imepotelea mikononi mwa ofisi hizo za serikali.

Na wakalalamike wapi? Kitengo cha kushughulikia malalamiko ya ubaguzi wizarani kilivunjwa 1983. Kesi ya Pigford, ambamo wakulima weusi waliishtaki wizara kwa ubaguzi, ilipofikia suluhu mwaka 1999, mdai wa kawaida alitakiwa amtaje mzungu mwenye hali kama yake aliyetendewa vizuri zaidi. Jirani yako amekopeshwa kiasi gani, wewe utajulia wapi?

Mwaka 2021 Bunge likatenga karibu dola bilioni 4 kufuta madeni ya wakulima weusi, Walatino, Waasia na wenyeji wa asili. Wakulima wazungu wakafungua kesi, majaji wakausimamisha mpango, na mwaka uliofuata Bunge lenyewe likaufuta. Ukaja mfuko wa dola bilioni 2.2 kwa yeyote aliyebaguliwa, mradi athibitishe. Baba aliyebaguliwa akafa na uchungu wake, wanawe hawakuweza kumdaia, labda wawe wamerithi deni lenyewe.

Nakubali, tena shingo upande, kwamba mpango wa 2021 ulimwacha nje mzungu maskini aliyezama kwenye madeni. Angeongezwa. Kwa nini kumsaidia yeye kuwe lazima kumnyang'anye mwingine? Na wanaosema msaada huu unamdhalilisha mweusi wajue kwamba anayedai chake haombi sadaka.

Shemeji alinijibu kuwa yaliyopita si ndwele. Ningemkubalia kama mashamba yangekuwa yamerudi. Hayajarudi. Yanalimwa na walioyanunua mnadani, na hati zake ndizo wanazoweka rehani benki wakitaka mkopo mwingine.