Mnapiga Simu Desemba, Pigeni na Mei

Kila Desemba simu za nyumbani hufuatana. Mama, shangazi, marafiki niliosoma nao Kakamega, wote na swali moja: giza la Ufini halijakumaliza? Nawaelewa. Hapa Helsinki mchana wa mwezi huo hudumu kwa saa kama sita tu, na kule Utsjoki, kaskazini kabisa, jua halichomozi kwa karibu miezi miwili. Kazini kwetu kuna taa nyeupe kali kwenye chumba cha kahawa. Asubuhi watu huizunguka kama kuku wanaoota jua.

Mei ikifika, simu hukatika. Nyumbani wanaona picha za watu wamejilaza kwenye nyasi, wanasema sasa umepona. Kumbe kwa miongo mingi takwimu za hapa zimeonyesha kwamba vifo vya kujiua huongezeka majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi, si katikati ya giza. Si Ufini peke yake. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim aliliandika jambo hili kuhusu Ulaya mwaka 1897. Maelezo yako kadhaa. Linaloniingia akilini ni hili: usiku mweupe, usio na giza, huvuruga usingizi, na mwenye sonona huzidi kujiona mpweke pale wenzake wote wanapochangamka.

Wafini wanayajua haya kwa kuwa walihesabu. Mwaka 1987 walianza kuchunguza kila kifo cha aina hiyo nchini kwa mwaka mzima, wakaketi na familia kuzisikiliza. Tangu 1990 kiwango kimeshuka kwa zaidi ya nusu.

Kwetu je? Kwenye grupu ya WhatsApp huandikwa "ametutoka ghafla", michango ya mazishi inaanza, na anayeuliza huambiwa aheshimu wafiwa. Siwalaumu wafiwa. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilimtishia aliyejaribu kujiua kwa jela hadi miaka miwili. Nani angempeleka mwanawe hospitali akaandikwe? Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Basi kaunti zianze kuandika: umri, mahali, mwezi. Huenda msimu wetu ni Januari ya karo, huenda ni ule wa njaa kabla ya mavuno; bila daftari tunabahatisha.

Nanyi mnaopiga Desemba, ahsanteni, ila pigeni na Mei. Mtu akisema amechoka na maisha, msikimbilie kumwombea kabla hajamaliza kusema. Mwulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Na kama hali ni ya hatari, namba ya dharura hapa Ufini ni 112.