“Bwana Amesema Nami”: Tunapima Mjumbe au Ujumbe?

Makanisani kwetu ni maneno machache yenye uzito kama “Bwana amesema nami.” Yakishatamkwa, mjadala umefungwa. Anayeuliza swali huonekana anashindana na Mungu mwenyewe. Mimi naamini kwamba Mungu husema na watu wake hata leo, na kwa sababu hiyo suala la kupima ujumbe linanigusa sana. Asiyeamini kwamba Mungu husema hana cha kupima.

Pande mbili zinavutana juu ya jambo hili, na zote mbili huegemea andiko lile lile: “Msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema” (1 Wathesalonike 5:19–21). Wenzetu wa maombi na maono huishia kwenye maneno ya mwanzo. Wakosoaji wao huanzia katikati.

Wanaoonya tusimzimishe Roho wana hoja nzito, na historia ya kanisa letu inawaunga mkono. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini nchini Rwanda na kutoka Uganda katika miaka ya 1930, haukuletwa na maaskofu. Watu waliungama dhambi hadharani, wakarudisha mali walizoiba, wakathubutu kuwakemea hata viongozi wao wa dini. Wakubwa wengi waliuona kuwa fujo. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi waliokuwa ndani ya uamsho huo, William Nagenda akiwa mmoja wao. Leo ni vigumu kulielezea kanisa la ukanda huu bila uamsho ule, na wimbo wake wa “Tukutendereza” bado unaimbwa hata na wasiojua Kiganda. Kwa hiyo kiongozi anapomnyamazisha muumini kwa sababu tu jambo ni jipya au halikupitia kwenye kamati, anaweza kuwa anarudia kosa la Mukono.

Lakini upande wa pili nao una makaburi ya kuonyesha.

Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Masapila, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alisema Mungu alimwonyesha ndotoni mti wa kuchemsha ili awanyweshe wagonjwa. Kikombe kilikuwa kimoja, bei shilingi 500, na sharti kinywewe kijijini Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kutoka mkononi mwake. Foleni ya magari ilinyooka kilomita nyingi porini. Wagonjwa walitolewa wodini kupelekwa huko. Walikwenda maskini na viongozi wa serikali, wakaja na majirani kutoka Kenya. Makumi ya watu waliripotiwa kufia njiani na kwenye foleni, na wapo wenye VVU walioacha ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi hivyo, wakiamini wamekwisha kupona.

Nalichagua tukio hili kwa sababu Babu alifaulu karibu kila kipimo tunachokitumia. Hakuwa nabii wa kuzuka mjini; alikuwa mchungaji aliyebarikiwa, akatumika, akastaafu. Askofu wake, Thomas Laizer, alimtetea hadharani. Hakudai mamilioni. Didake, maandiko ya Kikristo ya karne za mwanzo, yanafundisha kwamba nabii akisema kwa roho “nipeni fedha,” asisikilizwe, na kwamba nabii wa kweli hutambulikana kwa mwenendo wake. Shilingi 500 hazimtajirishi mtu kwa mwendo wa kitapeli tunaoujua. Mimi sioni sababu ya kumwita tapeli, na naona inawezekana kabisa kwamba aliamini kwa moyo wote alichokisema.

Ila hivyo vyote ni vipimo vya mjumbe. Ujumbe wenyewe nani aliupima? Ujumbe ulisema ugonjwa unaondoka, na hilo linapimika. Yesu alipowatakasa wakoma aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14), maana katika torati ya Walawi kuhani ndiye aliyewachunguza na kuthibitisha kwamba ukoma umetoka. Bwana mwenyewe hakuona kwamba uchunguzi unaupunguza muujiza. Basi mchungaji akimwambia mwenye VVU au mwenye kisukari, “Mungu amekuponya, rudi hospitali wakupime kwanza kabla hujaacha dawa,” hajapungukiwa imani hata kidogo. Shuhuda za Samunge zilikuwepo nyingi, na sitaki kumwita mwongo kila aliyesema amepata nafuu. Lakini ushuhuda uliotolewa siku chache baada ya kunywa kikombe haukustahili kuwa sababu ya mwingine kuacha dawa.

Wengine husema tusubiri, muda utaamua. Kumbukumbu la Torati 18:22 linasema nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitokee, hilo silo neno alilolinena Bwana. Kipimo hicho ni cha kweli, ila kinachelewa. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 tangu Aprili 2023, watoto wakiwemo, baada ya waumini kudaiwa kufundishwa wafunge hadi kufa ili wamlaki Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alikana mashtaka. Lolote litakaloamuliwa mahakamani, aliyekwisha kuzikwa hawezi tena kungoja aone kama neno limetimia. Ndiyo maana ujumbe unaogusa uhai, watoto, ndoa au mali unahitaji kupimwa kabla haujatekelezwa, na mtu wa kwanza kuulizwa awe yule atakayelipa gharama yake. Mtoto wa Shakahola hakuulizwa.

Kuna hoja moja ya upande wa kwanza ambayo bado inanisumbua, na sina budi kuipa nafasi. Kupima kunaweza kuwa njia ya heshima ya kukataa. Katika Yeremia 42 watu wa Yuda waliosalia wanamwomba nabii awatafutie neno la Mungu, wakiapa kulitii liwe jema au baya. Yeremia hajibu papo hapo; neno linamjia baada ya siku kumi. Linapokuja linawaambia wasiende Misri, nao wanamwita mwongo, kwa sababu mioyoni mwao safari ilikwisha kuamuliwa. Ngoja ile ya siku kumi inawakemea manabii wa leo wanaotoa neno kila anapopita mtu mbele yao. Lakini majibu ya watu yanatukemea sisi wapimaji, tunaoweza kusema “tunaendelea kuliombea” hadi jambo lipoe.

Na hata ujumbe ukiwa wa kweli, kazi haijaisha. Katika Matendo 21 wanafunzi wa Tiro wanamwambia Paulo kwa Roho asipande kwenda Yerusalemu. Kisha nabii Agabo anajifunga kwa mshipi wa Paulo na kutabiri kwamba atafungwa vivyo hivyo. Paulo haukani unabii, lakini anakwenda. Agabo aliona sawasawa minyororo inayokuja. Marafiki waliokuwapo walihitimisha kwamba basi asiende. Paulo alihitimisha kinyume chao. Dada anayeambiwa na kaka wa kwaya, “Mungu amenionyesha kwamba wewe ni mke wangu,” ana uhuru ule ule wa Paulo. Huenda kaka ameota kweli. Maana ya ndoto si lazima iwe ile anayoitaka yeye, na dada naye ana Mungu wa kumwuliza.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba kupima kwetu hufuata cheo. Mama wa kundi la maombi akisema ameona maono, huitwa ofisini, hupewa maandiko ya kusoma, huambiwa anyamaze kwanza. Mchungaji kiongozi akisema ameonyeshwa kwamba kanisa lichukue mkopo, au kwamba familia fulani imebeba laana, anapigiwa makofi. Paulo aliwaandikia Wakorintho manabii wanene wawili au watatu, “na wengine wapambanue” (1 Wakorintho 14:29). Hakumtoa katika kupimwa aliyeshika kipaza sauti. Mzee wa kanisa anayesimama baada ya ibada na kuuliza, “Mchungaji, neno hili ulilipataje, na nani mwingine ameliombea pamoja nawe?” anafanya kazi aliyopewa na mtume, na mchungaji aliyesikia kwa Mungu hana sababu ya kulikwepa swali lake.