PLC haijachanganyikiwa, fungueni koki ya tangi

Masika ikianza tu hapa Dar, kauli ni ileile kwenye laini za kujazia chupa: "PLC imechanganyikiwa," yaani ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine. Skrini inaandika kwamba silinda, ile inayosukumwa na hewa iliyobanwa, haijafika mwisho, opereta anabonyeza riseti, laini inatembea dakika kumi, inasimama tena. Kufikia saa sita mchana laptopu imeletwa na taima ya kuisubiri silinda imesogezwa kutoka sekunde 2 hadi 4. Hongera. Sasa laini ni mbovu halafu ni goigoi.

Jamani, programu iliyotembea mwaka mzima haijiandiki upya usiku. Kilichobadilika ni hewa.

Pigeni hesabu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 imebeba kama gramu 24 za maji kwa kila mita ya ujazo. Kompresa inayovuta mita 10 za ujazo kwa dakika inameza zaidi ya lita 14 za maji kwa saa. Hewa ikishabanwa hadi bar 7 na kupozwa, mengi ya maji hayo huangukia kwenye tangi. Na kama dreni ya otomatiki ya kumwaga maji hayo imeziba kwa kutu, na koki ya chini haijaguswa tangu Ijumaa, yaende wapi? Yanaondoka na hewa. Draya nayo, ya kupoza hewa ili ikauke, kondensa yake ya kutoa joto imevaa koti la vumbi la maboksi, haifikishi hewa kwenye zile nyuzi 3 inazotakiwa kushukia. Maji yanafika kwenye valvu inayoipa silinda hewa, yanaosha grisi, spuli (kile kipande kinachoteleza ndani yake) inanata. Koili, sumaku ya umeme ya valvu, inalia "klik", taa inawaka, silinda inajikokota. Muda unaisha sensa haijaona sumaku ya pistoni, na PLC inaripoti hivyohivyo. Imekosa nini?

Kabla ya kugusa laptopu, tazama kama kikombe cha filta ya hewa kina maji. Kisha hakikisha hakuna mkono wa mtu ndani ya mashine, ubonyeze kwa bisibisi ile pini ndogo ya kuendesha valvu kwa mkono bila PLC. Silinda ikijikokota hata hapo, PLC haimo kabisa kwenye kesi.

Halafu kuna wale wa kupandisha regyuleta, ya kurekebisha presha ya hewa, kutoka bar 6 hadi 8. Silinda inachangamka siku mbili, huku kila hozi inayovuja inavuja zaidi, kompresa haipumziki, inachemka, na hewa ya moto inapitisha maji mengi zaidi. Na nani aliwaambia matawi ya bomba yachomolewe upande wa chini? Yanatoka juu, yanapinda kama shingo ya bata, ili maji yasiyafuate.

Haya, kuna siku umeme wa volti 24 unashuka hadi 19 na PLC inafanya vituko kweli. Mita inakuambia hilo kwa dakika moja.

Ukiomba dreni mpya, bajeti hakuna. Silinda mpya sita zimeshaagizwa.