Mimi Sikuiba Omena za Mtu

Kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya samaki, naomba nisikizwe. Kuna rafiki yangu mmoja, ambaye godoro analolalia ni langu na sijawahi kumdai, anaeneza habari kwamba nimeshikwa Dunga, huku ufukweni Kisumu, na katoni ya omena (dagaa) za wizi, nikapiga magoti mbele ya akina mama, nikalia. Sikuiba. Magoti nilikuwa nimeshayapiga zamani, maana katoni ilikuwa chini na mimi ndiye niliyekuwa naifungua. Na sikulia. Moshi wa jiko ulikuwa unakuja upande wangu.

Haya. Nilihamia Dunga Januari kwa sababu ya hewa ya ziwa na bei ya nyumba. Hewa ipo, sina neno. Ngege wapo, mbuta wapo, hata kamongo yupo kwa wenye roho ngumu. Lakini ukitaka kitu ambacho hakijawahi kuogelea, mtaa wetu una kibanda kimoja tu, nacho kina nyanya, vitunguu, sukuma, unga, sabuni, mafuta ya kupima, na kabichi moja. Sisemi kabichi za aina moja. Kabichi moja. Inakatwa robo robo kama kiwanja cha urithi, na ukichelewa unaambiwa, "Kabichi imeisha, jaribu Jumanne." Siku moja nilimkuta mama wa kibanda ameifunika kwa leso kama mtoto aliyelala, nikajikuta nanong'ona.

Najua mtasema soko la Kibuye liko. Kibuye naijua, na Jumapili ukienda pale unapata kila kitu mpaka mlango wa gari. Lakini Jumapili mimi nalala. Siku zingine natoka kazini giza limeingia, saa ambayo viboko nao wanatoka majini kwenda kula nyasi zao. Wale wa kusema "si ushike boda urudi mjini ununue karoti," nendeni nyinyi. Mimi sijaona karoti ya thamani hiyo.

Sasa, shida yangu haikuwa njaa. Shida ilikuwa mdomo. Mimi ni mtoto wa Nakuru. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo viazi vilikuwa ndani ya kila kitu: ndani ya minji, ndani ya mchuzi wa kuku, ndani ya pilau (watu wa Pwani mtanisamehe), na kama si aibu ya wageni, mama angevitia kwenye chai. Kwa hivyo nilipofika Dunga nikaanza kuhubiri. Kila jioni nikipita kwa jirani yangu, ambaye hapa nitamwita Mama Omena kwa usalama wangu mwenyewe, namkuta anageuza omena zake juu ya wavu, nami nasimama mkono kiunoni: "Mama, hivi ni vidudu. Siku utakayokula viazi vya shangi vya Mau Narok, utazirudisha hizi ziwani ukaziombe msamaha."

Yeye hujibu kwa upole tu. "Sawa, Ja-Nakuru," yaani mtu wa Nakuru. Siku moja nilizidisha, nikaingiza mambo ya jiji, akaniambia bila kuinua kichwa, "Wuoda, mwanangu, Kisumu imeitwa jiji tangu 2001. Nyinyi mmepewa karatasi 2021, hata wino haujakauka. Tulieni kwanza."

Na kuna lingine, ambalo rafiki yangu hakulisimulia kwa sababu halijui, lakini leo nimeamua kujianika mwenyewe. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, ili zizaane. Miezi hiyo Mama Omena alikuwa anauza maandazi, roho juu juu, mkopo wa chama unamngoja. Mimi nikapita, nikanunua andazi moja, nikamwambia, "Unajua mama, hizo omena wala sijazikosa." Aliniangalia. Hakusema kitu. Aliniangalia tu, halafu akanipa chenji yangu.

Wiki iliyopita mama yangu akapiga simu. "Kijana yangu, umekonda. Nimeona picha. Nimekutumia katoni: viazi, karoti, minji, na dania kidogo. Inakuja na gari la asubuhi. Na usiiache huko ofisini ilale."

Watu wangu, nilitangaza hiyo katoni kama posa. Mama Omena nikamwalika. Mama wa kibanda nikamwalika, aje aone mboga zenye ndugu. Fundi wa boti nikamwalika. Rafiki yangu wa godoro alijialika. Jumamosi, saa kumi na moja jioni, uani kwa Mama Omena kwa sababu ndiye mwenye jiko kubwa na sufuria. Nikaacha maagizo kabisa: nikiondoka, maji yawekwe motoni, nisije nikapoteza wakati.

Nikafika ofisi ya vifurushi pale steji saa kumi. Katoni zimepangwa hadi dirishani. Nikatupa jicho mara moja, nikaiona. Imeandikwa kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa: NAKURU. Nawaambia ukweli, koo lilinibana. Kilomita karibu 180, imepita Kericho, imeshuka Awasi, imepita mpunga wa Ahero, na bado jina la nyumbani linang'aa vile.

"Nimekuja kuchukua ile ya Nakuru," nikasema.

Kijana wa ofisi alikuwa ameshika simu kwa bega, huku mwanamke mmoja akimfokea kuhusu kuku aliyefika bila mwenzake. Akaelekeza kidole. "Ya Nakuru ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

Sote wawili tulisema kweli tupu. Mzigo huandikwa unakokwenda, hauandikwi unakotoka. Hilo mtoto wa chekechea analijua. Mimi lilinifikia saa moja na nusu baadaye, likiwa limechelewa kuliko gari la usiku. Kijana wa ofisi msimlaumu. Mtu akidai mzigo kwa macho yenye machozi vile, wewe ungemwomba risiti?

Ishara zilikuwepo. Ya kwanza, uzito. Mama alisema viazi, nami naijua mikono ya mama, hapimi, anajaza. Nikajiandaa, nikapanua miguu, nikavuta pumzi, nikainua, na katoni ikapaa nusura inipige kidevu. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikatabasamu nikasema moyoni, kumbe ugali wa Kisumu umenijenga hivi.

Ya pili, mtu wa boda. Hatujafika mbali, akauliza, "Boss, umebeba nini?" Nikamwambia viazi. Akanyamaza. Baada ya kona akarudia, taratibu kama daktari, "Viazi?" Nikasema viazi. Akainua kioo cha helmeti yake, akaendesha hivyo hadi Dunga, uso wote kwenye upepo.

Ya tatu, paka. Niliposhuka walikuwa wawili. Nilipofika kwenye mti walikuwa watano, wananifuata kwa mstari, mikia juu, kama wasindikizaji wa bwana harusi. Nikafurahi. Nikasema leo hata wanyama wameona.

Na harufu, mtauliza. Jamani, nimeishi Dunga tangu Januari. Pua yangu ilishakubali matokeo.

Katikati ya hayo yote nikapiga picha ya katoni, nikaiweka kwenye status: "Chakula cha watu wazima kimewasili." Maandishi yanaonekana vizuri kabisa. Chini yake pia kuna namba ya simu ya mtu ambaye si mimi wala mama yangu, lakini hiyo sikuiona. Rafiki yangu aliiona.

Sasa tuingie uani, na hapa naomba twende polepole, kwa sababu ndivyo mimi mwenyewe ninavyoiona kila nikifumba macho.

Maji yanachemka. Kifuniko kinacheza. Mama Omena ameketi kwenye kigoda, amevaa nguo nzuri, maskini, kwa heshima ya viazi. Mama wa kibanda yuko kando yake. Fundi wa boti amekuja na chumvi yake kwenye karatasi. Mimi naingia na katoni begani, mkono mmoja tu, naizungusha kidogo ili jina lisomeke, naiweka chini katikati yao, napiga magoti.

Mtoto wa Mama Omena, yule wa darasa la nne, anasogea. Anaangalia maandishi. Anasema, "Hiyo NAKURU niliandika mimi."

Nacheka. Namwambia, "Hapana, hii imetoka mbali sana."

"U ya mwisho nilikosea nikarudia. Ona."

Naangalia U ya mwisho. Kweli imerudiwa. Na mimi, badala ya kusimama hapo, namfundisha jiografia. Namwambia Nakuru iko wapi, namwambia baridi yake, namwambia huko pia kuna watoto wa kuandika, na wao pia hukosea. Watu wazima wanatikisa vichwa. Mtoto ananyamaza, lakini haondoi jicho kwenye ile U.

"Kamba nayo," anasema Mama Omena taratibu, "ni uzi wa nyavu."

Nasema, "Mama yangu anajua kufunga mzigo."

"Huko Nakuru mna nyavu?"

"Kuna ziwa," nikasema. Watu wangu, ziwa la Nakuru ni la magadi na flamingo. Lakini nilisema.

Akanipa kisu chake, kile cha kuparia samaki. Nikakata uzi. Nikafungua bawa la kwanza la katoni. Nikafungua la pili. Juu kuna gazeti. Hapo nikasimama kidogo, nikawaangalia mmoja mmoja, nikasema maneno ambayo rafiki yangu ameyarekodi na yamefika hadi kwa bosi wangu: "Leo ndipo mtajua kwa nini Mungu aliumba udongo."

Nikavuta gazeti.

Walikuwa wananiangalia. Siongelei wageni. Naongelea macho, yale madogo meupe, maelfu, yote yamekauka yakitazama upande mmoja, upande wangu. Nilitia mkono. Sijui kwa nini. Nadhani nilitarajia viazi viko chini. Nikachimba hadi kiwikoni, naomba kwa kimya nikutane hata na karoti moja, na omena zikapanda mkono wangu zikitoa ule mlio wa majani makavu, krr, krr, na paka wa kwanza akapiga kelele.

Hakuna mtu aliyesema neno. Kifuniko cha sufuria ndicho kilichokuwa kinaongea.

Mama Omena akainama. Akachukua moja kwa vidole viwili, akaitazama kwenye mwanga, akaitafuna. Akatafuna polepole mno kwa samaki wa ukubwa ule.

"Ni zangu," akasema. "Nimezituma saa nne asubuhi. Zilikuwa ziende na gari la jioni, kwa mteja wangu wa Nakuru." Akameza. "Ja-Nakuru. Umelipa boda pesa ngapi?"

"Mia na hamsini."

"Kunirudishia omena zangu nyumbani."

"Ndiyo, mama."

"Yawa." Halafu, kwa sauti ileile aliyonipa nayo chenji ya andazi: "Na ulisema hujazikosa."

Fundi wa boti ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka chumvi yake ikamwagika. Mama wa kibanda alianguka kutoka kwenye kiti, na naomba ijulikane kuwa yeye ndiye aliyeanguka, si mimi kama inavyosimuliwa. Moshi ukageuka ukaja machoni mwangu. Narudia: moshi.

Yaliyobaki ni mbio tu. Katoni ikafungwa kwa mshipi wangu, nikamshika boda yuleyule, akauliza, "Viazi vinarudi?" nikamwambia aendeshe. Ofisi ilikuwa inafungwa. Katoni yangu ilikuwa chini kabisa dirishani, imeandikwa KISUMU na jina langu lote kama la kwenye kitambulisho, mama ameyapigia mistari miwili. Ilinichukua mimi na kijana wa ofisi kuitoa. Omena ziliondoka alfajiri yake, gharama zote juu yangu, pamoja na nauli ya kumpigia mteja magoti kwa simu. Shati nililovaa nimeshalifua mara tatu na paka bado wananijua.

Viazi vilifika uani saa mbili usiku, maji yameshakauka, makaa yamelala. Mama Omena alikuwa amepika ugali na omena za kukaanga na nyanya za kibandani, na robo ya ile kabichi. Nilikula. Nikaongezwa. Niliomba ya tatu, akanipimia kwa glasi ya kuuzia, akanihesabia pesa.

Viazi tulivila Jumapili. Vilipasuka vizuri sana. Hakuna aliyesema kitu kuvihusu.

Juzi nimepita pale nimekuta katoni nyingine inafungwa kwa uzi wa nyavu, mtoto kainamia na kalamu yake nene, ulimi nje. Safari hii kaandika vizuri, U zote zimenyooka: KWENDA NAKURU. Na chini yake, kwa herufi ndogo: Ja-Nakuru usiguse.