Kilatini kwa vijana wa West Philadelphia

Mwaka 2007 ilifunguliwa West Philadelphia, Marekani, sekondari iitwayo Boys' Latin: inalipiwa na kodi lakini inajiendesha, wavulana watupu, wengi wao Weusi, shabaha ni chuo kikuu, na Kilatini ni lazima. Kwa aliyesoma Alliance au Tabora Boys, shule ya wavulana si habari. Katika mji ule ni habari nzito. Central High, shule ya umma ya wateule, iliwafungia wasichana mlango hadi 1983. Kesi ya msichana mmoja ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1977, majaji wakagawanyika 4 kwa 4, mlango ukabaki umefungwa. Walioipinga shule mpya walikuwa na la kukumbuka.

Na kwenye suala la jinsia wana nguvu. Uchambuzi wa mwaka 2014 ulijumlisha tafiti 184 za wanafunzi milioni 1.6 katika nchi 21. Palipolinganishwa wanafunzi wa hali moja, faida ya kuwatenganisha ilikuwa ndogo mno au haikuonekana kabisa. Matokeo mazuri huenda ni ya nyumbani: mzazi anayehangaika kumtafutia mwanawe shule ya namna hiyo angemsukuma mbele katika shule yoyote ile.

Kinachohukumiwa haraka ni Kilatini. Lugha iliyokufa, wanasema, heri saa hizo zingeenda kwenye Kihispania. Watetezi nao hujiharibia wanapokimbilia alama za mitihani ya kuingia vyuoni, kwa sababu wanaochagua Kilatini kwa kawaida ni wasomaji wazuri tangu mwanzo. Hata lile la kurahisisha lugha nyingine lina tundu: utafiti wa Ujerumani wa 2003 ulikuta wanaoanza Kihispania baada ya Kifaransa wanakosea sarufi kidogo kuliko waliotokea kwenye Kilatini.

Uzito wa hoja uko ndani ya sentensi yenyewe. *Puerum magister laudat.* Kijana aliyezoea kufuata mpangilio wa maneno atasema mvulana anamsifu mwalimu. Amekosea: *-um* inamwonyesha anayetendewa, kwa hiyo mwalimu ndiye anayesifu. Hapo kubahatisha hakusaidii. Sharti utafute kitenzi, usome mwisho wake, ndipo umsake mtenda. Msomaji wa Kiswahili ataielewa kazi hiyo upesi. *Amabit* ni "atapenda" iliyogeuzwa: *ama-* shina, *-bi-* wakati ujao, *-t* mtu. Sisi tunaanza na mtu, wao wanamalizia naye.

Darasa huvunjikia kwenye kundi la tatu la vitenzi. Kijana ameshika kuwa *docet* ni "anafundisha" na *docebit* ni "atafundisha". Anakutana na *reget*, anaona *-et* ileile, anaandika "anatawala". Kumbe ni "atatawala". "Anatawala" ni *regit*. Asipokuwa amekariri kila kitenzi pamoja na umbo lake la msingi, *docere* kwa *e* ndefu na *regere* kwa *e* fupi, hana namna ya kujua. Dawa ni dakika kumi za kukariri kwa sauti kila siku, si saa nzima Ijumaa. Mwalimu anayeruka hatua hiyo ili amalize kitabu atawapoteza nusu yao, na lawama itaangukia lugha.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ni hili: hakuna nyumba inayozungumza Kilatini. Katika Kiingereza cha darasani, mtoto wa wakili anaingia na miaka kumi na minne ya mazoezi ya mezani kwao. Kwenye *amabit* wote wako sifuri, na kijana ambaye kila mtihani umemwambia yuko nyuma anaona, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba alichokariri jana usiku kinamtosha leo asubuhi. Kwa hilo ningeitetea lazima ile mbele ya bodi yoyote.

Ila sioni lolote humu linalodai dada yake akae nje. Naye anaanza sifuri, kwenye nyumba ileile. Shule ikiweza kumpata mwalimu wa kudumu wa Kilatini, nao ni wachache, sababu ya kumnyima msichana saa zake bado haijatolewa.