Sindano Kavu na Bega Langu

Sindano isiyo na dawa ndani yake inatibu nini? Nilikuwa nimelala kifudifudi nikijiuliza hivyo, bega la kulia limekaza kama kamba ya kuanikia nguo, mtaalamu wa fiziotherapia akilibonyeza kwa kidole gumba kutafuta fundo, yaani sehemu ya msuli iliyojikaza. Alipolipata sikuhitaji kuambiwa: maumivu yalipanda shingoni hadi nyuma ya jicho, mbali kabisa na alipogusa.

Kuchomwa kwenyewe si kitu. Sindano ni nyembamba sana, kwa kawaida haifiki hata theluthi ya milimita kwa unene. Kinachoshtua ni kinachofuata: ncha ikigonga fundo, msuli unaruka wenyewe kama samaki aliyenasa kwenye ndoana, nawe hukuuamuru. Kisha bega likawa zito, likalegea. Niliposhuka kitandani niligeuza shingo kulia, jambo lililonishinda kwa wiki tatu. Kesho yake niliamka nikiumwa kana kwamba nimebeba magunia, na hilo ni la kawaida, huisha baada ya siku moja au mbili.

Zamani mafundo haya yalichomwa kwa dawa ya ganzi. Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais Kennedy wa Marekani, ndiye aliyeyapa umaarufu. Mwaka 1979 Karel Lewit, daktari wa Chekoslovakia, akaandika kwamba sindano hutuliza maumivu hata bila dawa. Sindano zenyewe ni zilezile za akupancha, tiba ya sindano ya Wachina, ila anayechoma hapa hafuati mikondo yao ya nguvu. Anafuata msuli na neva.

Ugomvi wangu ni na wanaoinadi sindano kavu kama tiba kamili. Tafiti zinaonyesha nafuu ya muda mfupi. Ya muda mrefu ushahidi wake ni dhaifu, na hata hilo fundo lenyewe wanasayansi bado wanalibishania.

Halafu kuna pafu, na hapo sina utani. Kilele chake kiko chini tu ya msuli wa bega. Sindano ikizama mno hulitoboa, hewa ikavujia kifuani. Ni nadra, lakini hutokea. Kwa hiyo muulize anayekuchoma kasomea wapi, akufungulie sindano mpya mbele ya macho yako, na umwambie kama una mimba au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Akikereka na maswali, vaa shati lako.

Mimi nilipata nafuu siku nne. Ya tano bega likakaza tena, maana nilirudi kukaa vilevile, shingo mbele kama kobe, macho kwenye skrini. Karatasi ya mazoezi niliyopewa ilikuwa bado imekunjwa mfukoni. Niliporudi, mtaalamu hakugusa sindano. Aliniambia nimwonyeshe zoezi la kwanza.

Nililikosea.