Si Kila Bastola Kuukuu Inafaa Kung'arishwa Upya

Miongoni mwa watu nchini Marekani wanaopenda kufufua bastola zilizokwishatumika, swali la kwanza karibu kila mara huwa ni la dawa: itumike kemikali ipi, ipakwe rangi gani. Kwa maoni yangu, swali hilo huulizwa mapema mno. Kabla ya kushika msasa, mwenye bastola anapaswa kwanza kujua kama chuma alicho nacho bado kina uso kiliotoka nao kiwandani, kwa kuwa uso huo ukishaondolewa, hata fundi bora atauiga tu.

M1911 ndiyo inayonifanya niseme hivi. Bastola hii ya .45, iliyobuniwa na John Moses Browning, ilipokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911 na ikabaki silaha yake rasmi hadi 1985, ilipochaguliwa bastola ya Beretta M9. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kazi ya kuiunda iligawiwa kampuni ambazo hapo awali hazikujulikana kwa silaha: Remington Rand waliokuwa wakitengeneza mashine za taipu, Union Switch & Signal waliokuwa wakitengeneza mitambo ya kuongozea treni, na hata Singer, wale wale ambao cherehani zao hazikosekani kwenye baraza za mafundi wetu wa nguo. Singer waliunda bastola 500 tu. Ikipatikana moja ambayo haijaguswa, wakusanyaji huigombea mnadani kwa bei ya nyumba; ikishasuguliwa na kutiwa rangi mpya, hata kwa ustadi mkubwa, sehemu kubwa ya thamani hiyo hupotea. Michubuko iliyoachwa na mkoba wa ngozi, na ule weupe wa chuma kwenye ncha ya mtutu, ndivyo vinavyomwonyesha mnunuzi kwamba bastola iko kama ilivyotoka jeshini.

Bastola ninayoipendekeza kwa kazi hii ni ile isiyo na cha kupoteza. M1911 nyingi zilirudishwa kwenye karakana za jeshi, zikafunguliwa, slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma bastola inapofyatuliwa) ya kampuni moja ikafungwa kwenye fremu (mwili wenye mpini) ya kampuni nyingine, kisha zikapakwa upya tabaka la fosfeti lenye rangi ya kijivu. Mwaka 2018 shirika la CMP (Civilian Marksmanship Program, linaloendeleza ulengaji shabaha miongoni mwa raia wa Marekani) lilipoanza kuwauzia raia M1911 za akiba ya jeshi, zile za daraja la chini ziliuzwa kwa dola 850. Hata hizo wapo wasiotaka ziguswe, nami nawaelewa, kwa sababu mihuri ya karakana nayo ni historia. Iliyo bora zaidi kwa anayeanza ni bastola ya kiraia iliyokwishachakachuliwa na mmiliki wa zamani, yenye vidoa vya kutu na weusi uliofifia.

Kazi yenyewe huanza kwa kuhakikisha kwamba haina risasi: magazini, yaani kibweta cha risasi, hutolewa, slaidi hurudishwa nyuma, na chemba, yaani tundu la mtutu linalokaa risasi, hukaguliwa kwa jicho na kwa kidole. Kinachofuata, na kinachochukua karibu muda wote, ni kusugua. Wengi hudhani kwamba weusi wa buluu, ule unaotiwa chuma kwa kemikali, utafunika mikwaruzo, kumbe tabaka lake ni jembamba mno na kila mstari ulioachwa na msasa huonekana. Msasa uzungushiwe kipande cha mbao kilichonyooka, na usuguaji ufuate mwelekeo mmoja. Gurudumu la mashine huokoa saa nyingi, lakini mkononi mwa asiyeizoea hulainisha kona zilizopaswa kuwa kali, hupanua midomo ya matundu ya skrubu na hufuta maandishi ya kiwandani. Bastola iliyopitia mikono ya namna hiyo hutambulika ukiwa upande wa pili wa meza. Nambari ya usajili isiguswe kabisa: kuifuta au kuibadilisha ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani.

Ndipo lije suala la dawa. Viwanda hutumia maji ya moto ya kostiki soda na naitreti, yenye joto la takriban nyuzi 140 za Selsiasi, ambayo hugeuza uso wa chuma kuwa oksidi nyeusi. Hiyo si kazi ya jikoni. Tone moja la maji hayo huunguza ngozi, na fremu ya alumini ikitumbukizwa humo huliwa. Dawa ya baridi yenye seleniamu hufaa kuziba alama ndogo, ila huchakaa upesi. Mimi huvutiwa zaidi na njia ya zamani ya kukisababishia chuma kutu nyepesi, kukichemsha katika maji safi hadi wekundu ugeuke weusi, kukipiga brashi laini na kurudia tena. Ni njia ya polepole, lakini weusi wake una utulivu ambao rangi za kauri za siku hizi hazina, ingawa nakiri kwamba rangi hizo huhimili unyevu vizuri zaidi.

Sehemu za ndani za kifyatulio ningemwachia fundi bunduki, maana hitilafu ndogo pale inaweza kuifanya bastola ijifyatue. Na kwa msomaji aliye Kenya au Tanzania, ambako umiliki wa silaha uko chini ya leseni kali, ruhusa ya mamlaka hutangulia kila kitu.

Vibao vya mpini ndiyo sehemu ambayo mtu anaweza kufuata ladha yake bila wasiwasi, kwa kuwa M1911 huvishikilia kwa skrubu nne tu. Anayetaka mti wa mjozi au pembe ya nyati na aweke, mradi vibao vya zamani, hata vile vya plastiki ya kahawia vya wakati wa vita, avihifadhi pamoja na skrubu zake, kwa kuwa mnunuzi makini ataviulizia.